Taja Sifa Nne za Mary

Wana-Elimu wenzangu, na nyie wa vitivo vingine mnaolipitia jarida hili mkiwa kwenye foleni ya kafteria, naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana tulipotawanywa kwenda mazoezi ya kufundisha, mimi nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata, Kidato cha Pili, somo la Kiingereza. Kwenye stoo ya vitabu nilikuta nakala 11 za riwaya fupishwa ya The Secret Garden, yaani Bustani ya Siri, zimefungwa kwa kamba ya katani, nyingine hazina hata jalada. Wanafunzi walikuwa 62. Tukagawana makundi, tukasoma wiki tatu, na pale Kiingereza kilipotushinda nikawa nawafafanulia kwa Kiswahili, mkuu wa shule akiwa mbali. Mwisho nikatunga jaribio. Swali la mwisho lilikuwa la alama nane: Taja na ueleze sifa nne za Mary.

Majibu niliyoyataka nilikuwa nayo kwenye karatasi: mkaidi, mbinafsi, mpweke, mdadisi. Kila sifa alama mbili. Wengi walizipata zote, na wala haikuwa ajabu, maana wiki moja kabla nilikuwa nimeziandika ubaoni wakanakili. Lakini kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika sentensi mbili tu, kwa Kiingereza cha kuungaunga, ambacho maana yake ilikuwa hivi: Mary si mtoto mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kuishi na watu.

Nikampa sifuri kati ya nane. Pembeni nikamwandikia kwa wino mwekundu: Soma swali vizuri. Akapokea karatasi, akaitazama kidogo, akaikunja mara nne na kuiweka mfukoni. Hakuuliza kitu, na mimi sikuuliza.

Likizo iliyofuata niliisoma riwaya nzima, ile ambayo haikufupishwa. Sikufika hata sura ya nne kabla sijamkumbuka yule kijana. Makala haya yanahusu uchambuzi wa wahusika, somo ambalo sisi sote tumelifanya tangu sekondari na tutaenda kulifundisha. Nitatumia riwaya hii moja kama mfano, na mwishoni nitarudi kwenye ile karatasi iliyokunjwa.

Hadithi kwa ufupi

Mwandishi wake, Frances Hodgson Burnett, alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1849, na akiwa bado msichana alihamia Marekani pamoja na mama yake na ndugu zake. Bustani ya Siri ilitoka kama kitabu mwaka 1911. Tayari alikuwa na jina kubwa kwa vitabu vingine vya watoto, kikiwemo A Little Princess. Jambo moja la maisha yake linafaa kukumbukwa tukifika kwa mhusika Colin: mwaka 1890 alifiwa na mwanawe mkubwa, Lionel, kwa kifua kikuu, akiwa bado kijana mdogo.

Mary Lennox ni mtoto wa Kiingereza aliyezaliwa India wakati wa ukoloni. Baba yake ni mtumishi wa serikali, mama yake ni mrembo wa karamu ambaye hakutaka mtoto. Mary analelewa na yaya wa Kihindi. Kipindupindu kinapoingia, yaya anakufa, wazazi wanakufa, watumishi waliobaki wanakimbia, na mtoto anasahaulika peke yake ndani ya nyumba. Anasafirishwa hadi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwa mjomba wake Archibald Craven, kwenye jumba la Misselthwaite lenye vyumba karibu mia moja, vingi vikiwa vimefungwa. Huko kuna bustani yenye ukuta ambayo Bwana Craven aliifunga miaka kumi iliyopita mkewe alipofariki, akaufukia ufunguo. Kuna pia kilio cha usiku ambacho kila mtumishi anasema ni upepo. Mary anaupata ufunguo, anaupata mlango, kisha anampata anayelia: binamu yake Colin, mwenye umri wa miaka kumi, ambaye ameaminishwa kwamba atakuwa na kibiongo na kufa mapema.

Msimulizi naye ana mdomo

Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba mhusika husawiriwa kwa njia kadhaa: maelezo ya msimulizi, maneno ya wahusika wengine, maneno yake mwenyewe, na matendo yake. Tulizikariri, tukazijibia mtihani, zikaisha. Kitu ambacho mimi sikukielewa ni kwamba njia hizi hazisemi kitu kimoja. Mara nyingi zinabishana, na uhai wa mhusika unaanzia kwenye huo ubishi.

Angalia Mary. Mwanzoni kabisa msimulizi anatuambia kwamba kila mtu alimwona mtoto wa kuchukiza, mwembamba, wa manjano usoni, mwenye sura ya kukunja. Mwanafunzi mwepesi wa kudesa anaandika hapohapo: Mary ni mtoto mbaya. Lakini hilo ni neno la watu waliomtazama. Endelea na ukurasa uleule na utakuta sababu zimepangwa moja baada ya nyingine: alizaliwa mgonjwamgonjwa, mama hakumtaka, yaya aliamriwa amweke mbali ili asimsumbue mama, na watumishi walimwachia afanye atakavyo kwa sababu akilia wao ndio watakaogombezwa. Msimulizi ametupa hukumu na ushahidi kwa pamoja, akatuachia kazi ya kuvipima.

Sasa njoo kwenye matendo. Mary akifika Yorkshire hajui kujivalisha nguo. Martha, msichana wa kazi, anashangaa: binti wa miaka kumi anasimama anasubiri kuvalishwa kama mwanasesere! Hiyo ni sifa gani? Uvivu? Kiburi? Ukisoma kwa haraka utaandika mojawapo. Ukisoma polepole utaona kwamba hajawahi kupewa nafasi ya kujaribu. Baadaye Martha anamletea kamba ya kuruka ambayo mama yake ameinunua kwa senti mbili kutoka kwenye mshahara mdogo wa Martha. Mary anashukuru kwa kunyoosha mkono, mkavu kama karani wa benki, kwa sababu hajazoea kumshukuru mtu na hajui mikono huwekwa wapi. Sifa ya mtu asiye na shukrani hainyooshi mkono. Hapa kuna mtu anayejifunza kushukuru mbele ya macho yetu, na anajifunza vibaya kwanza, kama tunavyojifunza wote.

Ushahidi mwingine ninaoupenda ni wa kuhesabu. Akikutana na Dickon, kaka yake Martha, Mary anamwambia kwamba sasa anapenda watu watano. Anawataja: mama yake Martha, ambaye hajawahi hata kumwona, Martha mwenyewe, mzee Ben Weatherstaff mtunza bustani, Dickon, na ndege. Ndiyo, ndege mmoja mwekundu kifuani naye yumo kwenye orodha. Anashangaa kwamba wamefika watano. Mtoto anayeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja watu aliowahi kuwapenda, na akalazimika kuongeza ndege, hatuhitaji kumwandikia neno mpweke. Hesabu yake imeshasema.

Kwa hiyo kijana wangu wa dawati la nyuma aliona kitu. Mimi niliuliza sifa, yeye akajibu chanzo.

Colin na maneno ya watu wazima

Colin ni kioo cha Mary. Wote wana miaka kumi, wote wamekua bila mzazi wa kuwashika, wote wanaamrisha watumishi. Mary mwenyewe anamwambia anafanana na mfalme mdogo aliyemwona India, aliyevaa vito na kutoa amri. Lakini Mary ananyanyasika kwa kutosemeshwa, na Colin ananyanyasika kwa kusemwa sana. Tangu akiwa mchanga amelala akisikiliza watu wazima wakinong'ona juu ya kichwa chake: huyu hataishi, huyu mgongo utapinda kama wa baba yake. Hakuna aliyekaa akamwambia moja kwa moja. Akajenga ugonjwa wake kutokana na minong'ono.

Sura ya vurugu yake ya usiku ndiyo kilele cha usawiri wa hawa watoto wawili. Colin anapiga kelele kwamba ameshika nundu mgongoni. Jumba zima linatetemeka, hakuna mtu mzima anayethubutu kumsogelea. Mary anaingia na hasira zake zote, zile ambazo mimi nilizikatia alama kama ukaidi, anamfokea kuliko anavyofoka yeye, kisha anataka aonyeshwe huo mgongo. Anaukagua mfupa kwa mfupa na kutangaza kwamba hakuna nundu. Hapo ndipo muuguzi anapokiri kwamba hakujua kama mtoto anaogopa nundu. Angejua, angemwambia haipo.

Jamani, simameni kidogo hapo. Muuguzi amekaa na mtoto huyu siku zote, analipwa kwa kazi hiyo, na hajawahi kumuuliza anaogopa nini. Nilipoisoma sentensi hiyo niliweka kitabu chini. Mimi nami nilikuwa na karatasi ya mtoto mkononi na sikumuuliza alimaanisha nini.

Tazama pia kitu kingine: ile sifa mbaya ya Mary ndiyo iliyomwokoa Colin. Mtoto mpole angesimama mlangoni akalia naye. Hii ndiyo sababu orodha ya sifa njema upande huu na sifa mbaya upande ule, tunayoichora ubaoni kwa mstari katikati, inatudanganya. Sifa haina upande mpaka uione imefanya nini, kwa nani, saa ngapi.

Hata hivyo nisiipambe riwaya. Colin anapona kwa hewa safi, mazoezi, na kile anachokiita uchawi, ambacho kwa sehemu kubwa ni kujiambia kila siku kwamba ataishi. Kwa Colin jambo hili lina mantiki, kwa kuwa mgongo wake haukuwa na ugonjwa. Miguu ilidhoofu kwa kulala na kuogopa. Lakini tutakuwa na wanafunzi wenye ulemavu madarasani, na mwalimu mzembe anaweza kuwapa ujumbe kwamba wangeamini tu wangesimama. Colin alisimama kwa sababu hakuwa na kilichomzuia. Tukimfundisha, tuliseme hilo waziwazi. Nikikumbuka kwamba mwandishi alimzika mwanawe, naelewa kwa nini aliandika mtoto anayeinuka kitandani. Kuelewa huko hakunizuii kuuliza maswali.

Dickon na mama yake: bapa si tusi

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster aligawa wahusika katika makundi mawili ambayo sisi tunayaita bapa na duara. Bapa habadiliki, ana wazo moja. Duara anabadilika na anaweza kutushangaza kwa namna ya kuaminika. Kwenye semina zetu neno bapa limegeuka kuwa tusi. Mtu akisema mhusika fulani ni bapa, anamaanisha mwandishi kashindwa kazi.

Dickon ni bapa kabisa. Ana miaka 12, anatoka familia maskini ya watoto 12, anatembea na mtoto wa mbweha, kunguru na kindi wawili, hana hasira, hana wivu, hana siri yake mwenyewe. Anaingia mwema na anatoka mwema. Mama yake, Susan Sowerby, ni hivyohivyo: kila anachosema ni hekima na kila anachotuma ni mkate na maziwa. Lakini wachomoe hao wawili uone kama Mary na Colin watapata pa kuegemea. Watoto wawili wanaoyumba wanahitaji kitu kisichoyumba. Ubapa wa Dickon una kazi ndani ya riwaya, na kazi ya mchambuzi ni kuitaja kazi hiyo badala ya kubandika lebo na kuondoka.

Swali gumu zaidi ni hili: kwa nini wanaoruhusiwa kubadilika ni watoto wa tabaka la juu, na maskini wa riwaya wanatakiwa wawe tayari wameshakamilika? Dickon anachimba, anapanda, anafundisha mazoezi, anaibeba siri. Colin ndiye anayerithi jumba. Sijawahi kusikia Dickon akiulizwa yeye anataka nini. Mwanafunzi wa shule ya kata ambaye asubuhi alichota maji kabla ya kuja darasani ana haki ya kuliuliza swali hilo, na pengine ataliuliza kabla yako.

Kuna na wahusika wa katikati. Ben Weatherstaff, mzee mwenye ulimi wa pilipili, ndiye wa kwanza kumwambia Mary ukweli: kwamba wao wawili wanafanana, hakuna mzuri wa sura, na wote ni wachungu kama wanavyoonekana. Mary hajawahi kuambiwa ukweli juu yake maishani. Daktari Craven, binamu wa baba yake Colin, ni maskini, na mtoto akifa yeye ndiye atakayerithi. Mwandishi dhaifu angemfanya mwuaji, ila Burnett anamwacha awe mtu wa kawaida tu, asiye na ujasiri, anayetimiza wajibu bila furaha. Na Bwana Craven mwenyewe, anayezunguka Ulaya akiukimbia msiba huku mwanawe akikua gizani. Wote hawa hawakupata hata nusu ukurasa kwenye ile nakala fupishwa tuliyosoma.

Yaya

Sasa nafika mahali paliponisumbua zaidi.

Katika sura ya nne Martha anamwambia Mary kwa utani kwamba alidhani mgeni kutoka India angekuwa mweusi. Mary anapandwa na hasira kali, anasema wenyeji wa kule si watu, ni watumishi tu wa kuinama na kusalimu. Mimi ni Mtanzania mweusi. Nilisoma maneno hayo nimekaa kitandani hosteli, wenzangu wanapika ugali kwenye jiko la siri, nikajiuliza: nilikuwa nataka watoto 62 wampende huyu? Nakala fupishwa ilikuwa imeliondoa tukio lote. Wahariri walimsafisha Mary, wakatuletea mkaidi wa kuchekesha.

Mimi nasema tusimsafishe. Tukilificha hilo, tunaficha pia sehemu kubwa ya jibu la swali la yule kijana. Mary alifundishwa kitu India: alifundishwa na mfumo mzima wa ukoloni kwamba baadhi ya watu si watu. Mtoto wa miaka sita anayempiga kofi mtu mzima anayemvalisha, na yule mtu mzima akainamisha kichwa, amepata somo la kutosha.

Yaya huyo yuko wapi kwenye riwaya? Anakufa ukurasa wa pili au wa tatu, nje ya macho yetu. Jina lake linapita mara moja, tena pale ambapo Mary anapanga matusi atakayomtukana akirudi. Hatujui alikuwa na umri gani, alikuwa na watoto wangapi, nani aliwalea wakati yeye anamlea Mary. Kwenye orodha yoyote ya wahusika niliyowahi kuiona ya kitabu hiki, yeye yuko mwisho au hayupo.

Lakini twende hadi sura ya 13, usiku Mary anapokutana na Colin kwa mara ya kwanza. Colin hapati usingizi. Mary anamwambia atamfanyia alichokuwa akifanyiwa na yaya wake India: anaushika mkono wake, anaupapasa taratibu, na anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa Kihindustani mpaka analala.

Nililisoma tukio hilo mara tatu. Upole wa kwanza ambao Mary anampa binadamu mwenzake katika riwaya nzima aliupata kwa yule aliyekuwa akimpiga makofi. Yaani mtu wa kumwonyesha alikuwepo! Alikaa naye usiku India, akampapasa mkono, akamwimbia, na mtoto aliyehifadhi ule wimbo hakujua kwamba alikuwa anapendwa, au analipiwa kupendwa, au vyote viwili. Mwandishi mwenyewe hakai hapo. Anaendelea na bustani.

Tunaongea hapa kuhusu kitabu cha Uingereza cha mwaka 1911, lakini neno yaya ni letu pia. Nyumbani kwetu alikuwepo dada wa kazi tangu nikiwa na miaka miwili hadi nilipofika darasa la tatu. Namkumbuka kwa jina moja tu. Sijui kwao ni kijiji gani, na nilipompigia mama simu kumuuliza, naye alifikiri kidogo akasema amesahau. Lakini wimbo aliokuwa akiniimbia wakati wa kuninyoa nywele ninao mpaka leo, na nilimwimbia mdogo wangu. Kama maisha yangu yangekuwa riwaya, yeye angekuwa mhusika wa pembeni. Sidhani kama yeye angekubaliana na uainishaji huo.

Mary anakwenda wapi?

Jambo la mwisho la kiuchambuzi. Kuanzia pale Colin anaposimama kwa miguu yake mbele ya Ben Weatherstaff, riwaya inahamia kwake. Yeye ndiye anayehutubia, yeye ndiye anayeongoza mazoezi, na mwisho kabisa yeye ndiye anayetembea pamoja na baba yake kuelekea nyumbani huku watumishi wakishangaa. Mary, aliyeupata ufunguo, aliyeufungua mlango, aliyemwamsha Colin, hayumo kwenye hiyo picha ya mwisho. Mhusika mkuu amesogezwa pembeni kwenye hadithi yake mwenyewe.

Unaweza kusema ni kasoro ya msuko. Unaweza kusema hivyo ndivyo jamii ya wakati ule ilivyomwona mrithi wa kiume na binti yatima. Majibu yote mawili yanaweza kutetewa, na hapo ndipo uchambuzi unapoanza kuwa na ladha. Mimi ninachokiona ni mnyororo: yaya alimpa Mary, Mary akampa Colin, na kila aliyetoa akaachwa nyuma pale aliyepokea alipoinuka.

Tukifika darasani

Sitaki makala yaishe na huzuni, kwa hiyo wacha niwape kitu cha kubeba. Tukienda tena kufundisha, iwe ni kitabu hiki au riwaya ya Kiswahili iliyoko kwenye silabasi, nimeamua kuacha swali la taja sifa nne. Badala yake nitachora ubaoni safu nne na kuwaacha wanafunzi wazijaze.

Ya kwanza: msimulizi anamwitaje mhusika huyu? Ya pili: wahusika wengine wanamsemaje, na kila anayesema ana faida gani kwa kusema hivyo? Ya tatu: yeye mwenyewe anafanya nini, wapi, kwa nani? Ya nne: nani yuko hapo chumbani ambaye hakuulizwa? Safu zikipingana, mwanafunzi asifute. Aandike sentensi moja kueleza kwa nini zinapingana. Sentensi hiyo ndiyo yenye alama.

Ninajua mtakachosema: wanafunzi 62, vipindi vya dakika 40, mtihani wa taifa unakuja. Ni kweli. Kwa hiyo chukua mhusika mmoja tu na tukio moja tu. Tukio la mgongo wa Colin linatosha kipindi kizima. Orodha ya sifa inachukua dakika kumi kuiandika na inasahaulika kabla ya kengele ya chai.

Jizoeze na haya kabla hujayapeleka kwa wanafunzi:

1. Martha na Mary wote wawili ni wasichana, mmoja anamhudumia mwingine. Nani anamfundisha nani, na kwa malipo gani?

2. Mary anapoanza kuiga lahaja ya watu wa Yorkshire, lugha hiyo ya watumishi inatuambia nini kuhusu mabadiliko yake ambacho msimulizi hajakisema?

3. Chagua mhusika asiye na jina, au mwenye jina linalotajwa mara moja, kwenye riwaya yoyote uliyowahi kusoma. Andika aya moja ya usiku wake.

Na ile karatasi? Nimeifikiria sana. Nisingempa yule kijana alama zote nane. Jibu lake halikuwa na ushahidi, na nusu ya pili haikuwa sahihi, maana mtu wa kumwonyesha Mary alikuwepo, ila kitabu tulichomgawia kilikuwa kimemfuta. Ningempa nne, na pembeni, badala ya kumwambia asome swali, ningemwandikia: Umejuaje? Nionyeshe mahali.

Labda angenionyesha. Labda angesema hajasoma mahali popote, anajua tu. Sasa hivi yuko Kidato cha Tatu, na kwenye daftari la maendeleo la shule ile kuna sifuri yenye herufi za kwanza za jina langu pembeni. Mwezi wa saba nikipata nauli nitapita. Nakala yangu ya riwaya nzima nimeshaiweka kwenye begi.